Msibadilishe Bugali kwa Primus

Wanangu, asubuhi nawaona mkikimbia barabarani kati ya Nundu na Lusenda, jasho likiwatoka, mkitaka kupunguza mwili. Ninawasifu. Sisi shamba lilikuwa mlimani na soko tulilifuata kwa miguu, lakini leo pikipiki inawachukua mlangoni na kuwashusha mlangoni. Ninachokiogopa ni jioni yenu. Mnasogeza bugali kando kwa kuogopa kunenepa, kisha mnakaa mbele ya Primus mbili tatu, tumbo tupu.

Chupa kubwa ya Primus ni sentilita 72, kilevi chake asilimia 5. Pigeni hesabu: ndani mna kama gramu 28 za kilevi. Gramu moja ya kilevi ina kalori 7, ya wanga 4, ya mawese 9. Basi kilevi cha chupa moja peke yake ni kalori karibu 200, na wanga wa bia haujaguswa. Chupa tatu zinapita 600, nanyi mlikataa bugali!

Tena mwili hauna mahali pa kuweka akiba ya kilevi. Kikiingia, ini linaanza nacho, na mafuta mliyoyakimbilia asubuhi yanasubiri zamu. Chupa moja inalishughulisha ini saa tatu na zaidi, na hakuna kahawa wala kuoga ziwani kunakoliharakisha. Usiku ukiingia, pombe imeamsha hamu, na brosheti za mbuzi zinanukia pembeni.

Wengine wanahamia lotoko, eti haina sukari. Sukari haina, kweli, lakini kilevi chake ni kikali, na anayeipika hana kipimo. Ikiingia methanoli, mtu anapofuka au anakufa. Kitambi kina dawa. Macho yaliyopofuka hivyo mara nyingi hayarudi.

Lakini njaa ndiyo inayoninyima usingizi. Mtu asipokula, ini ndilo linalotengeneza sukari ya damu. Likishikwa na kilevi, kazi hiyo inalegea, sukari inashuka, mtu anatetemeka, anasema ovyo. Wenzake wanadhani amelewa tu, wanamfunika kitenge alale. Anayetumia insulini au vidonge vya kisukari yuko hatarini zaidi, naye asifunge kula bila kuongea na mganga wake.

Kuleni kwanza: bugali kidogo, sombe lisiloogelea mawese, ndagala au maharage. Atakayekunywa anywe chupa moja, maji yawe karibu, na siku nyingi za wiki zipite bila pombe kabisa. Siwaambii kwamba chupa hiyo moja ni dawa. Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema hakuna kiwango cha pombe kisicho na madhara kwa afya. Na kreti zikifunguliwa kwenye sherehe ya mahari, binti au kijana akisema "leo sinywi", asilazimishwe na mjomba wala shangazi. Nitasimama upande wake.

Mkimwona mwenzenu ametokwa na jasho baridi baada ya kunywa, kama anameza vizuri mpeni maji ya sukari. Kama hajibu, msimtie kitu mdomoni. Mlazeni ubavu, mmoja asitoke karibu yake, na mumpeleke hospitali usiku uleule.