MBONA UNAJIFICHA?

Rafiki yangu kijana, karatasi hii imefika mkononi mwako. Usiitupe. Isome mpaka mwisho, ni dakika chache tu.

Hebu nikuulize. Mlango ukigongwa usiku, moyo wako unaruka? Ukimwona askari stendi, unapita njia nyingine? Umebadilisha namba ya simu mara ngapi mwaka huu? Kama ni hivyo, huenda kuna faili mahali fulani lenye jina lako, na wewe unalijua.

Mambo haya huanza madogo. Ulikamatwa na pikipiki bila leseni, au kwa ugomvi wa baa. Ukapewa dhamana, mjomba akakusainia. Hakimu akasema urudi tarehe 14. Tarehe 14 ikafika: nauli hakuna, au uliogopa, au ulisahau kabisa. Jina lako likaitwa, hakuna aliyeitika. Hakimu akatoa amri: mtu huyu akamatwe, aletwe mbele yangu. Hiyo ndiyo hati ya kukamatwa. Mtaani wanasema, "Jamaa karuka dhamana."

Sasa angalia vizuri. Hati ile si hukumu! Kwa lile kosa la kwanza bado hujasikilizwa. Hakimu amesema neno moja tu: NJOO. Basi swali letu ni hili: mtu akiitwa na hakimu, je, woga ni sababu ya haki ya kujificha?

WOGA HUSEMA UONGO MARA TATU

Uongo wa kwanza: "Watasahau."

Hawasahau, rafiki. Kenya na Tanzania sheria ni ileile tuliyoirithi kwa Waingereza: hati hubaki hai mpaka itekelezwe, au mpaka mahakama iliyoitoa iifute. Haiozi kama embe. Tazama Marekani. Agosti 2017, waendesha mashtaka wa wilaya nne za jiji la New York waliiomba mahakama ifute hati zipatazo 644,000. Zote zilikuwa na umri wa miaka 10 au zaidi. Makosa yenyewe? Kunywa bia barabarani. Kuingia bustani ya umma baada ya saa za kufunga. Miaka 10 kwa chupa ya bia! Mtu alioa, akazaa, akahama, na ile karatasi ilikuwa bado inamngoja. Siku anaomba kazi, au anaomba uraia, inafufuka.

Uongo wa pili: "Hii ni siri yangu mwenyewe, haimhusu mtu."

Kweli? Na mjomba aliyekusainia? Ukiruka dhamana, mdhamini ndiye anayeitwa mahakamani aeleze kwa nini asilipe ile fedha aliyoahidi. Aliweka hati ya kiwanja chake kwa sababu alikuamini. Wewe umelala salama kwa rafiki, yeye mzee anapanda basi kwenda kujieleza kwa kosa lisilo lake. Huo ndio ujasiri wa kijana?

Kuna jambo zito kuliko hilo. Mwaka 2000, katika mji wa Cleveland, Marekani, polisi mmoja aitwaye Wayne Leon alisimamisha gari kwa jambo la kawaida la barabarani. Aliyekuwemo alikuwa anatafutwa kwa hati. Akampiga risasi polisi yule, akafa. Sisemi kwamba wewe utaua mtu, la hasha. Nasema mtu anayekimbia hajui atafanya nini siku atakapobanwa kwenye kona. Woga uliofugwa muda mrefu unageuka mnyama.

Uongo wa tatu: "Nikijipeleka tu, nimekwisha."

Huu ndio unaowashika wengi. Lakini sikia kilichotokea Cleveland baadaye. Ofisa wa serikali kuu aitwaye Peter Elliott, ambaye kazi yake ilikuwa kuwakamata watoro, aliwaza: kwa nini tuwafuate kwa bunduki usiku, wakati wengi wamechoka kukimbia? Agosti 2005, kwa siku nne, watu wenye hati walialikwa wajisalimishe katika kanisa moja la Wabaptisti, Mount Sinai. Mahakimu, waendesha mashtaka na mawakili wa utetezi waliwekwa tayari kuwasikiliza. Haukuwa msamaha wa bure. Waliambiwa wazi kwamba kesi iko palepale, ila kuja mwenyewe kutahesabiwa kwa wema.

Walikuja wangapi? Zaidi ya 800! Walikuja na mama zao, na wake zao, na watoto mgongoni. Na wengi mno walirudi nyumbani siku ileile. Mpango huo ukaenda miji mingine. Detroit, mwaka 2008, walijitokeza zaidi ya 6,000. Kumbe mji mzima ulikuwa umejaa watu wanaotamani kuacha kukimbia, hawakujua tu mlango uko wapi.

Kwa nini kanisani? Kwa sababu mlango wa polisi waliuogopa, na ule mlango mwingine waliuamini. Sheria ilikuwa ileile. Hakimu alikuwa na mamlaka yaleyale. Kilichobadilika ni mlango.

"LAKINI MAHAKAMA YENYEWE NI MBAYA!"

Nakusikia, kijana. Unasema, "Wewe unahubiri tu. Mahakama ni ya wenye pesa. Mimi mnyonge nikienda, nitaliwa."

Sitakujibu kwa maneno matamu. Yapo mambo ya aibu. Mwaka 2015, Wizara ya Sheria ya Marekani ilitoa ripoti juu ya mji mdogo wa Ferguson, Missouri, wenye watu wapatao 21,000. Desemba 2014, watu zaidi ya 16,000, wengine wakazi na wengine wapita njia, walikuwa na hati za mahakama ya mji ule. Mji ulikuwa umeifanya mahakama kuwa shamba la kuvuna faini.

Ripoti ileile inataja mama mmoja mweusi. Mwaka 2007 aliegesha gari mahali pasiporuhusiwa, mara moja tu. Faini dola 151, na ada juu yake. Alikuwa maskini, kuna wakati hakuwa hata na nyumba. Akakosa tarehe za mahakama, hati zikatoka. Alikamatwa mara mbili, akalala ndani siku sita. Alipojaribu kulipa kidogokidogo, dola 25, dola 50, mahakama ilimrudishia: lete zote! Kufikia Desemba 2014 alikuwa amelipa dola 550, na bado anadaiwa 541. Kwa kuegesha gari!

Hapo mkosaji ni nani? Hapa lazima tuseme kweli pande zote mbili. Anayejificha anakosea. Lakini hakimu anayeita watu "njoo" halafu akafunga mlango, huyo naye anakosea, tena zaidi, maana yeye ndiye mwenye ufunguo. Huwezi kumlaumu mtu kwa kutoingia mahali ulipotega mtego. Agosti 2015 hakimu mpya wa Ferguson alifuta hati zote zilizotolewa kabla ya mwisho wa 2014. Alitambua kwamba mwenye kiti naye ana deni.

Je, ubaya wa mahakama unakupa ruhusa ya kujificha? Fikiri kidogo. Ukijificha, ule ubaya unapungua? Haupungui hata kidogo, unastawi gizani. Mtu aliye mafichoni hawezi kusema, "Nimeonewa." Hawezi kukata rufaa. Akidhulumiwa mshahara, hawezi kushtaki. Akipigwa, hawezi kwenda kituoni. Kila mwenye nia mbaya anaweza kumtisha kwa neno moja: "Nitakusema." Kudai haki kunahitaji jina na uso, na wewe umevificha vyote viwili. Kwa hiyo ubaya wa mahakama haukuambii ukae mafichoni. Unakuambia USIENDE PEKE YAKO.

SASA UFANYE NINI?

1. Jua kilichopo. Marekani mahakama nyingi za wilaya huruhusu mtu kutafuta kwa jina kwenye intaneti au kumwuliza karani kwa simu. Huku kwetu, nenda masjala ya mahakama ulikoshtakiwa, au mtume wakili au mdhamini wako, na namba ya kesi kama unayo. Usiishi kwa uvumi. Wengine wanakimbia hati iliyokwisha kufutwa!

2. Tafuta wa kwenda naye. Kama huna pesa ya wakili, uliza msaada wa kisheria. Kenya ina sheria yake ya msaada huo tangu 2016, Tanzania tangu 2017, na wapo wasaidizi wa kisheria mpaka vijijini.

3. Mwambie mdhamini wako kweli. Mwanzie yeye, mwombe radhi, na kama atakubali, mwende pamoja.

4. Beba ushahidi. Ulikuwa mgonjwa? Leta cheti. Ulikuwa msibani? Leta barua ya mtendaji au ya chifu. Hakimu atakuuliza kwa nini hukuja. Jibu kwa kifupi na kwa kweli.

5. Usimpe mtu wa kwenye korido hata shilingi ili "faili lipotee". Faili likipotea leo, kesho litaokotwa, na utalipa tena. Ukilipa faini, dai risiti, uitunze.

Sikudanganyi. Hakimu anaweza kuifuta hati na kukurudishia dhamana. Anaweza pia kukuongezea masharti, kukutoza faini, au kukupeleka rumande, na mahali pengine kuruka dhamana ni kosa lenyewe. Lakini anayekuja kwa miguu yake ana neno la kusema. Aliyeletwa kwa pingu saa nane za usiku, mbele ya watoto wake, ana neno gani?

Rafiki, umekimbia vya kutosha. Kazi umeikosa, mazishi ya bibi hukwenda, jina lako halisi hulitumii tena. Kifungo hicho umejifunga mwenyewe, na hakina tarehe ya kutoka.

Usiseme kesho. Kesho ndiyo iliyokufikisha hapa. Leo jioni mpigie simu mjomba. Jumatatu asubuhi mahakama iko wazi. Jina lako likiitwa tena, safari hii awepo mtu wa kuitika: "NIPO."