Nani Aliyepumzika?



Napenda tulifikiri pamoja swali moja. Mtu akienda kupumzika, na mapumziko yake yakamwongezea mwenzake kazi, je, hayo ni mapumziko ya haki? Swali hili sikulipata vitabuni. Nililipata Pangani, katika sikukuu ya Nane Nane ya mwaka 2025.

Mwaka huo tarehe 8 Agosti iliangukia Ijumaa, tukaona tumepata siku tatu mfululizo. Sisi hatukuwa na desturi ya kusafiri jamii nzima, isipokuwa kwa msiba au harusi. Safari hii tuliondoka Muheza mimi, mama watoto na watoto wetu watatu, tukapita mashamba ya mkonge na minazi mpaka Pangani, pale mto unapoingia baharini. Ndugu yetu mmoja alituachia nyumba yake karibu na pwani. Tulibeba mchele, unga, sufuria na mkaa, kwa maana kuwalisha watu watano hotelini kwa siku tatu si jambo dogo.

Jioni ile niliwaona vijana wakicheza mpira mchangani, maji yakiwa yamekupwa. Zamani nilikuwa beki wa kulia, mpaka nilipoumia goti. Kwa miaka kumi na mmoja sikuwa nimegusa mpira. Vijana waliniamkia, "Shikamoo mzee," nami nikaitikia na kuwauliza kama wanapungukiwa na mtu. Walicheka, lakini walinipa nafasi. Nilivyocheza sitaeleza sana; mpira ulinipita mara nyingi kuliko nilivyougusa. Hata hivyo nilirudi nyumbani nikiwa na furaha ambayo sikuijua kwa miaka mingi. Jumamosi nilicheza asubuhi, na jioni nikacheza tena.

Usiku wa Jumamosi, tukiwa tunakula, binti yetu wa miaka tisa aliniuliza, "Baba, Mama ataiona bahari lini?"

Nilidhani anatania, maana bahari tuliisikia pale pale tulipokaa. Kisha nikaanza kuhesabu. Tangu tufike, mke wangu alikuwa amechota maji, amewasha jiko, amepara samaki, amewaogesha watoto, na amefua nguo zangu zilizojaa mchanga mara mbili. Ilikuwa kazi ile ile ya Muheza, ila huku kisima kilikuwa mbali zaidi na jiko halikuwa lake. Sisi wengine tuliiacha kazi nyumbani. Yeye alisafiri nayo.

Wapo watakaosema kwamba kosa langu lilikuwa kucheza, kwa kuwa mchezo ni wa vijana na mtu mzima hupoteza wakati. Mimi sikubaliani nao. Mwili unahitaji kuchangamka, na wahenga walisema kazi na dawa. Mchezo ule ulinifanya nicheke na vijana nisiowajua, nikakumbuka kwamba mtu ni zaidi ya kazi yake ya kila siku. Hilo ni jema.

Wengine watasema kwamba baba anayehangaikia riziki wiki nzima ana haki ya kupumzika. Ni kweli, anayo. Lakini mama watoto naye huuza machungwa sokoni siku sita za wiki, na jioni akirudi huanza kazi ya pili. Kama haki hupatikana kwa kuchoka, basi yeye alinitangulia kwenye foleni.

Tena wapo watakaosema, "Mbona hakulalamika?" Hoja hii ndiyo iliyonisumbua kuliko zote. Usiku ule nilipomuuliza, alijibu kwa upole, "Mimi nimezoea, baba watoto. Ninyi furahini tu." Ndugu zangu, kuzoea si sawa na kukubali. Aliyezoea mzigo hutembea kimya, lakini kimya chake hakiupunguzi uzito. Na sisi tunaofaidika na kimya hicho tusikifanye kuwa ruhusa.

Katika Amri ya Nne, Mungu hakumwambia mtu apumzike peke yake. Amewataja na wengine: mwana, binti, mtumwa, mjakazi, mnyama wa kufugwa, hata mgeni. Ukisoma kwa uangalifu utaona kwamba mke hakutajwa katika hesabu hiyo. Sidhani kwamba aliachwa ili apike wakati wengine wamekaa. Nadhani neno la kwanza, "wewe", linawahusu wote wawili. Lakini katika nyumba nyingi, na yangu ikiwamo, tumeishi kana kwamba nafasi ile tupu ni kibali. Na nilipokuwa nikiwaza hayo nilimkumbuka pia binti anayetusaidia kazi, tuliyemwacha Muheza na kuku na mbuzi, bila hata kumwuliza kama naye ana kwao pa kwenda. Yeye ametajwa waziwazi, nami nilimsahau.

Jumapili, baada ya ibada, niliomba jiko. Karibu na nyumba palikuwa na uwanja ambapo wasichana walikuwa wakicheza netiboli. Mke wangu aliucheza mchezo huo alipokuwa shule ya sekondari, na alikuwa mfungaji. Nilikuwa nimesikia habari hiyo, lakini katika miaka yote ya ndoa yetu sikupata kumwona ameshika mpira. Watoto walimvuta mkono. Kwanza alikataa, kisha akavua viatu, akajifunga khanga kiunoni, akaingia. Mara tatu alirusha akakosa. Mara ya nne mpira ukapita katikati ya pete, naye akapiga kelele kama msichana. Mimi nilikuwa nimeacha sufuria ili nikatazame, na wali ukaungua. Tuliula hivyo hivyo, watoto wakinung'unika.

Mnaoujua mchezo huo mnajua sheria zake. Kila upande una wachezaji saba. Aliyeshika mpira haruhusiwi kukimbia nao, wala kukaa nao zaidi ya sekunde tatu. Hana budi kumpa mwenzake. Nilipokuwa nikikwangua ukoko wa wali niliifikiri sheria hiyo. Mapumziko ya nyumba yetu nilikuwa nimeyashika mimi kwa miaka kumi na minne, nikikimbia nayo, wala hakuna aliyepuliza filimbi, mpaka mtoto aliponiuliza swali lake.

Sasa Jumamosi jioni mama watoto huenda kucheza na akina mama wenzake katika uwanja wa shule, nami hubaki na watoto na chakula. Binti anayetusaidia ana siku yake na nauli yake. Wapo majirani walioniuliza mama wa watoto watatu anatafuta nini uwanjani. Niliwajibu kwamba anatafuta kile kile nilichokitafuta mimi Pangani. Lakini nisijisifu. Mara mbili nimechelewa katika mazungumzo ya wanaume mpaka giza likaingia, naye hakwenda. Hakusema neno. Safari hii nilikisikia kimya chake.

Kwa hiyo, ndugu wasomaji, sikukuu ijayo, kabla hatujafunga mizigo, tuulizane nyumbani: nani atapika, nani atafua, nani atabaki na mifugo, na zamu ya kila mmoja kupumzika ni lini? Maswali haya ni madogo, na yanaweza kumalizika wakati chai inachemka. Pasipo kuyauliza, tunaweza kurudi kutoka safarini tukisema tumepumzika, kumbe mmoja wetu hakuiona bahari.