Kumshika Kijana Mkono ni Amana

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu zetu Waislamu, katika kila mji mkubwa imo mitaa ya dhiki, na mtoto wa mitaa hiyo hukosa mambo mawili yaliyo mazito kuliko ukosefu wa fedha. Hukosa mtu wa kumfahamisha somo lililompita darasani, na hukosa mtu mzima wa kumuuliza, "Jana ulikuwa wapi?" Lakini wa kumkaribisha kwenye bangi na unga hawakosi, hao wapo kila jioni, wala hawachoki kumngoja. Basi mwenye kutaka kumwokoa kijana huyu ajue kwamba anashindana na watu wadumuo katika kazi yao.

Kuwafundisha watoto wa watu si jambo geni katika dini yetu. Baada ya vita vya Badri, katika mwaka wa pili wa Hijra, walikuwapo mateka wajuao kuandika, nao hawana mali ya kujikomboa. Mtume (s.a.w.) akaifanya fidia yao kuwa ni kuwafundisha watoto wa Ansari. Na imepokewa kwamba mateka alikabidhiwa watoto kumi, na fidia yake ilitimia pale watoto walipokwisha kuwa mahodari. Zingatieni sharti hilo: hakuachiliwa kwa kuanza kufundisha, bali kwa kumaliza.

Wako watu wa nchi nyingine walioifanya kazi iliyo karibu na hii kwa muda mrefu, nasi hatuoni taksiri kutazama yaliyowapata, kwani hekima ni kitu cha Muislamu kilichompotea, huiokota popote aionapo. Katika mji wa New York, Marekani, mwaka 1904, karani wa mahakama ya watoto aitwaye Ernest Coulter alichoka kuwaona wavulana wa mitaa ya kimasikini wakiletwa mbele ya hakimu mmoja baada ya mmoja. Akawaomba watu wazima, kila mmoja amshike mvulana mmoja awe kama ndugu yake mkubwa. Mwanzo huo ni katika mizizi ya chama kiitwacho leo Big Brothers Big Sisters.

Mwaka 1995 wataalamu walitoa matokeo ya uchunguzi wao juu ya kazi ya chama hicho. Waliwatazama vijana 959 wa umri wa miaka 10 hadi 16, katika miji minane. Nusu yao walipewa walezi, na nusu wakawekwa wangoje. Baada ya miezi 18 ilidhihirika kuwa waliopewa walezi walipungukiwa kwa asilimia 46 na uwezekano wa kuanza kutumia madawa ya kulevya, na siku walizotoroka shule zilikuwa chache kwa asilimia 52. Na walezi wale hawakuwa wenye elimu ya ajabu. Walikutana na vijana wao, wakatembea nao, wakawasikiliza.

Lakini mwaka 2002 ulitolewa uchambuzi mwingine wa habari za vijana hao hao, nao ndio uliotushtua. Waliodumu na walezi wao mwaka mzima au zaidi ndio waliopata faida kubwa. Ama wale walioachwa kabla ya miezi mitatu kutimia, nyoyo zao zilivunjika, wakajiona duni kuliko walivyokuwa wakijiona kabla ya kushikwa mkono. Yaani mtu alikuja na sadaka, akaondoka ameacha jeraha!

Hapa ndipo tunapotaka tujihesabu. Wengi wetu hujitolea kwa hamasa katika Ramadhani, tukawakusanya vijana, tukawapa futari na mawaidha, na Shawwali ikiandama hatuonekani tena. Hali tumefunzwa na Mtume wetu kwamba amali ipendezayo zaidi kwa Mwenyezi Mungu ni ile idumuyo, ijapokuwa ndogo. Saa moja ya hisabu kila Jumamosi, mwaka mzima, ni bora kuliko karamu ya vijana mia kwa siku moja.

Na kudumu huko hakuji kwenyewe. Nyuma ya kila mlezi adumuye pana mtu afanyaye kazi isiyoonekana: humchuja ajitoleaye, humpatanisha na kijana amfaaye, huwaendea wazazi, na mlezi akianza kulegea humkumbusha. Twasikia matajiri wetu wakisema, "Vitabu tutanunua, lakini mshahara wa karani wa jumuiya hatutoi." Maneno haya si ya haki. Mwenyezi Mungu mwenyewe, alipowataja katika Suratut-Tawba wenye kustahiki zaka, aliwatia pamoja nao wale wanaoitumikia. Hatusemi kwamba kila mfanyakazi wa jumuiya ale katika zaka, la! Twasema kwamba ujira wa halali kwa mtumishi wa kazi ya kheri si aibu, na mwenye kumnyima huku akitaka kazi idumu, ataka nyumba isiyo na nguzo.

Naye aliyeajiriwa katika kazi hii amche Mola wake. Asiandike vijana mia katika ripoti ilhali wahudhuriao ni ishirini. Wala asimkabidhi mtu mtoto kabla ya kumchunguza mwendo wake. Kanzu nyeupe na kilemba kikubwa visiwe cheti cha kumpitisha mtu bila ya kuulizwa. Masomo na yafanywe mahali pa wazi, wazazi wakijua ni nani na ni saa ngapi.

Basi, ewe ndugu uliyesoma, fundi, karani, mwalimu uliyestaafu, mchague kijana mmoja, siku moja ya juma, kwa mwaka mmoja. Ukijua kuwa huwezi kutimiza, usimpe ahadi. Toa mali yako uwasaidie wawezao, na ujira wako uko kwa Mola wako. Lakini ukisha kuushika mkono wake, usiuache, kwani kila mmoja wetu ni mchunga, na kila mchunga ataulizwa.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atupe taufiki ya kuanza na subira ya kumaliza. Amin.