Haki katika Kicheko

Kicheko ni chumvi ya mazungumzo, lakini chumvi ikizidi huharibu chakula. Je, ni haki kumcheka mtu kwa sababu ya kabila lake? Swali hili limeingia nyumbani mwetu pamoja na televisheni, ambayo ilianza Kenya mwaka 1962.

Kwa miaka mingi Wakenya walimpenda Mzee Ojwang', mchekeshaji wa mchezo wa Vitimbi, aliyesema Kiswahili kwa lafudhi nzito ya Kijaluo. Hata sisi wa Migori na Homa Bay tulicheka. Lakini mchezaji mwenyewe, Benson Wanjau, aliyefariki mwaka 2015, alikuwa Mkikuyu.

Jambo hili lina fundisho. Ikiwa Mkikuyu aliweza kuuvaa Ujaluo na kuuvua jioni, basi kilichoonyeshwa hakikuwa kabila, bali vazi. Mchezaji huvua vazi lake mchezo uishapo. Kijana wetu aendaye Nairobi kutafuta kazi hujikuta amekwisha kuvikwa. Afunguapo kinywa, watu hutabasamu kabla ya kuisikia hoja yake.

Yapo mavazi mengine. Katika Papa Shirandula, Mluhya alikuwa mlinzi wa lango, na msichana Awinja mtumishi wa nyumbani. Kazi hizo ni halali, na wachezaji walikuwa hodari. Kosa huanza kabila moja lipewapo kazi ile ile kila siku, na mwanamke apewapo jiko na ufagio tu. Huku Osiri wanawake huponda mawe ya dhahabu. Na mwaka 2022 watu wa Homa Bay walimchagua mwanamke, Gladys Wanga, kuwa gavana wao.

Wako wasemao kuwa mzaha huyaunganisha makabila. Ni kweli, mzaha ukiwa utani. Lakini utani una pande mbili: ataniwaye naye hutania, na zamu huzunguka. Televisheni husema, haisikii. Humcheka mtu asiyekuwapo, mbele ya watu wasiomjua.

Kwa hiyo simwombi kijana azime televisheni wala aache kucheka. Namwomba ajiulize: Je, huyu ninayemcheka amepewa nafasi ya kunijibu? Kama hakupewa, ni juu yangu kumpa nafasi hiyo siku nitakapokutana naye, na kumsikiliza mpaka amalize.