Atakua Nalo

Mzazi yeyote aliyewahi kununua sare ya shule amewahi kuambiwa hivi: "Chukua kubwa, atakua nayo." Mikono ya sweta inakunjwa, sketi inapindwa, na mwaka unaofuata mama anashukuru kwamba aliona mbali. Ni busara nzuri, na wengi wetu tumelelewa nayo. Ndiyo iliyotukosesha mimi na kaka yangu tulipokwenda Kariakoo kumnunulia binti yake gitaa.

Mtoto alikuwa na miaka 8. Kila Jumapili alikaa benchi la mbele kanisani, macho kwenye vidole vya mpiga gitaa wa kwaya. Kaka alitaka kumshtukiza siku yake ya kuzaliwa, kwa hiyo tukamwacha nyumbani. Mimi alinichukua kwa sababu napiga gitaa kidogo, akiamini nitamwongoza. Nalisema hili mapema kwa sababu sehemu kubwa ya kosa ni yangu.

Magitaa madogo yalikuwapo, na muuzaji alituonyesha. Kaka akauliza, "Hili si baada ya miaka miwili halitamtosha tena?" Nami nikashusha kubwa la nyuzi za chuma, nikalipiga. Sauti ikajaa duka zima. Nikasema, hili hili, atakua nalo. Kumbe nilikuwa napima kwa mkono wangu na sikio langu. Mtindo ule wa gitaa ulibuniwa Marekani mwaka 1916 na ukapewa jina la manowari ya Waingereza. Ulikusudiwa tangu mwanzo uwe mkubwa na usikike mbali. Boksi lake, pale lilipo pana zaidi, linakaribia sm 40, na unene wake ni kama sm 12. Tukampelekea mtoto wa darasa la tatu.

Ishara zilianza siku ile ile ya zawadi. Ili azione nyuzi, ilimbidi aegemeze kidevu kwenye ukingo wa boksi. Bega la kulia lilipanda hadi karibu na sikio, maana mkono ulikuwa unaupanda mlima kabla ya kuzifikia nyuzi. Kiwiko cha kushoto kilinyooka kabisa ili vidole vifike mwisho wa shingo. Sisi tulifurahi, tukampiga picha. Picha hiyo ninayo kwenye simu hadi leo, na kila nikiitazama naona mambo yote matatu waziwazi.

Wiki ya pili alianza kulilaza gitaa mapajani, nyuzi zikitazama juu, kama mtu aliyepakata ungo wa mchele. Nikamwambia akae vizuri. Wiki ya tatu akasema mkono unamuuma. Nikamjibu kwamba kila anayeanza huumwa vidole. Jibu hilo ni la kweli, na kwa sababu ni la kweli lilinifumba macho: ncha za vidole huuma wiki chache kisha zinakomaa, lakini mtoto alikuwa ananionyesha kifundo cha mkono na shina la kidole gumba. Hapo ndipo ningepaswa kusimama. Sikusimama.

Baadaye ikawa kila ukifika muda wa mazoezi anaomba akaoshe vyombo. Mtoto wa miaka 8 anayekimbilia vyombo ana jambo. Tulimwita mvivu, na mimi niliitikia.

Aliyetufungua macho ni mzee mmoja wa kwaya aliyepita kutusalimu. Alimtazama mtoto akijaribu, akatoa mfukoni kibanio cha nyuzi, akakibana kwenye chuma cha pili cha shingo. "Jaribu sasa, mjukuu wangu." Vidole vikafika. Sauti haikuwa safi, nyuzi za chuma zilikuwa bado ngumu na boksi bado lilimmeza, lakini vilifika. Mzee akatueleza. Kwenye gitaa la mtu mzima, uzi una urefu wa sm 65 hivi kutoka mwanzo wa shingo hadi darajani, na vidole vinavyobonyeza vyuma vitatu vya kwanza vinatakiwa kutawanyika kwenye nafasi ya sm 10 na zaidi. Ukibana chuma cha pili, uzi unabaki kama sm 58. Huo ndio urefu wa gitaa linaloitwa robo tatu, lile alilotuonyesha muuzaji.

Jina hilo nalo linapotosha wengi. Robo tatu si robo tatu ya urefu. Ni karibu sehemu tisa katika kumi, ila boksi lake ni dogo na jembamba zaidi. La nusu lina uzi wa sm 53 hivi. Kwa kawaida la nusu huwafaa watoto wa miaka 6 hadi 8, robo tatu miaka 8 hadi 11, kisha la mtu mzima. Lakini umri ni wa kukisia tu, watoto hawalingani. Mpeleke mwenyewe dukani, umkalishe, umwangalie: bega la kulia limetulia? Mkono wa kushoto unafika mwisho wa shingo huku kiwiko kikiwa kimekunjwa? Na kama ndiyo kwanza anaanza, mwanzishie nyuzi za nailoni, ni laini zaidi kwa vidole.

Watu wazima nao wasijione wamepona. Dada mmoja tunayeimba naye, mfupi wa umbo, alihangaika miezi na gitaa kubwa kama lile akidhani ana ugonjwa wa bega. Alipobadilisha akachukua lenye boksi dogo, shingo ikiwa ya urefu wa kawaida, maumivu yaliisha. Wapo pia wanaokimbilia gitaa la mtoto wakitafuta wepesi, vidole vyao vinene vikasongamana na uzi wa jirani ukazibwa. Ndugu zangu, tusione aibu kukaa dukani nusu saa tukijaribu.

Siku ile mzee alipoondoka, kaka aliahidi kununua dogo mwisho wa mwezi. Mwezi ukaisha na ada ikaja. Mtoto naye hakulidai, tukajipa amani kwa hilo.

Sasa ana miaka 11 na amerefuka kuliko mama yake. Mwezi uliopita nililiteremsha gitaa lile kutoka juu ya kabati, nikamkalisha, nikampakatisha. Bega limetulia, kiwiko kimekunjwa, vidole vinafika bila kibanio. Linamtosha kabisa. Akafuta vumbi kwa upindo wa kanga, akanirudishia kwa mikono miwili.

"Baba mdogo, mimi gitaa siliwezi."