Mgeni njoo, mwenyeji apone



Wahenga wetu walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii twaitumia tunapompokea ndugu aliyetoka safarini, tukamwekea kiti na kumchinjia kuku. Leo twataka kuwakumbuka wageni wengine, ambao hawajui kubisha hodi: ndege, nyuki, vyura, mijusi na bundi wanaofika katika bustani za nyumba zetu. Je, hutukuta tu wenyeji wema? Na tukiwafukuza, ni nani anayekosa kupona?

Swali hili lina majira yake. Mwaka 2015 Baba Mtakatifu Fransisko aliandika barua yake iitwayo Laudato si', na mwaka huo huo aliweka tarehe 1 Septemba kuwa siku ya kuombea utunzaji wa viumbe. Sala hizo huendelea mpaka tarehe 4 Oktoba, sikukuu ya Mtakatifu Fransisko wa Asizi. Katika sehemu nyingi za nchi yetu siku hizo ni za kiangazi kikali: majani yamekauka, vijito vimekatika, na moshi wa mashamba yanayochomwa wapanda kila jioni. Hapo ndipo kiumbe mdogo anapotafuta tone la maji na kivuli cha kujificha, naye huja mlangoni petu.

Kitabu cha Mwanzo chatufundisha kwamba mtu wa kwanza aliwekwa bustanini kwa kazi mbili, kulima na kutunza. Kazi ya kwanza twaijua, na sugu za mikono yetu ni mashahidi. Kazi ya pili tumeiachia watu wa hifadhi za wanyama, kana kwamba viumbe wa Mungu waanzia Serengeti na kukomea huko. Lakini Sheria ya Musa ilisema na mwenye shamba wa kawaida. Ilimkataza kumchukua ndege mama pamoja na makinda yake. Ilimwamuru pia kuliacha shamba lake lipumzike kila mwaka wa saba, maskini wapate kula, na kilichosazwa na maskini kiliwe na wanyama wa porini. Tazameni, wapenzi wasomaji, jinsi maskini na mnyama walivyowekwa katika amri moja! Mimi mwenyewe nilichelewa kuelewa sababu yake, na nilifundishwa kwa aibu.

Miaka michache iliyopita nilikuwa padre kijana katika parokia ya shamba. Nyuma ya kanisa palikuwa na ghala ndogo ya mahindi yaliyotolewa na waamini kwa ajili ya wajane na wagonjwa. Chini ya paa lake waliishi bundi wawili, wa aina ile yenye uso mweupe mfano wa moyo. Kila usiku walilia kwa sauti ya kukwaruza, na watu hawakuipenda. Msimu mmoja watoto wawili wa jirani walikufa kwa homa. Wazee kadhaa wakanijia wakisema, “Baba Padre, ndege wale si wema. Tunaomba waondolewe.” Nilijua kwamba maneno hayo hayapatani na imani tuliyoikiri katika Ubatizo. Lakini nilikuwa mgeni pale, niliogopa kuwaudhi wazee, nikanyamaza. Vijana wakauchukua ukimya wangu kuwa ruhusa. Wakaja na manati, na kabla ya jioni bundi wote wawili walikuwa chini.

Nilipokwenda kufagia mahali pale, nilikuta madonge makavu meusi. Bundi humeza windo lake zima, kisha hutapika manyoya na mifupa iliyobanwa pamoja. Niliyavunja kwa kijiti, nikapata mafuvu madogo ya panya, zaidi ya ishirini katika kiganja kimoja cha takataka. Hayo yote yalikuwa yameliwa juu ya ghala ya maskini, bila mshahara na bila shukrani. Msimu uliofuata panya waliingia katika magunia. Tulipofungua akiba mwezi wa Februari, wakati njaa inapouma, gunia la chini lilikuwa makapi na mavi ya panya.

Lakini hasara hiyo haikuwa kubwa kuliko zote. Hofu ikishalishwa haishibi. Watu waliokwisha kumwua bundi waliendelea kuulizana: Aliyemtuma ni nani? Macho yakamgeukia bibi mmoja mjane aliyekaa peke yake karibu na ghala. Hakuna aliyempiga, namshukuru Mungu. Lakini waliacha kumsalimu, wakaacha kuchota moto kwake, na siku moja alifunga virago vyake akaenda kwa mwanawe mbali. Hapo nikaelewa amri ya Musa. Twajua sote kwamba katika nchi yetu vikongwe wameuawa kwa kushukiwa uchawi. Mkono uliozoea kumpiga kiumbe kwa hofu siku moja utamtafuta mtu.

Basi, tuseme wazi. Bundi haleti kifo. Panya hufuata nafaka, na bundi hufuata panya. Hulia usiku kwa kuwa usiku ndio mchana wake. Kinyonga hana sumu. Huo mwendo wake wa kusitasita ni wa mwindaji anayenyemelea nzi. Chura hula wadudu wanaoharibu mboga. Na yule mjusi wa ukutani, tuliyempa jina la mjusi kafiri, usiku kucha huwinda mbu na nondo karibu na taa yetu. Kwa jina tumemtoa katika imani, lakini kwa matendo amewashinda Wakristu wengi!

Imani isiyo na matendo imekufa, kama asemavyo Mtume Yakobo. Kwa hiyo twapendekeza kazi tano ndogo, ambazo baba, mama na watoto waweza kuzifanya Jumamosi mbili au tatu bila gharama kubwa.

Kwanza, maji. Chukueni chungu kilichopasuka au sinia kuukuu, mkiweke mahali peupe ambapo paka hawezi kuvizia, karibu na kichaka ambamo ndege atarukia. Tieni maji ya kina cha vidole viwili, na mawe madogo yatokeze juu ya maji, nyuki wapate pa kusimama wasizame. Maji hayo yamwagwe na kubadilishwa kila baada ya siku mbili. Mbu anahitaji wiki moja hivi au zaidi tangu yai mpaka kuruka, hivyo asiyesahau kumwaga maji hatafuga malaria.

Pili, nyumba ya nyuki wapweke. Wengi wetu tumepanda pasheni, tukaona maua mengi na matunda machache. Pasheni ya manjano haizai vema kwa chavua ya mche wake wenyewe. Huhitaji mchukuzi, na anayefaa kuliko wote ni yule nyuki mkubwa mweusi atoboaye mbao, kwa kuwa mgongo wake hugusa chavua iliyo juu ya ua. Nasi tunamchoma moto kwa kuwa ametoboa boriti! Mpeni boriti yake mwenyewe: gogo kavu la mti laini, lililofungwa chini ya upenu wa banda mahali pasiponyesha. Kando yake fungeni vipande vya mianzi, upande mmoja ukiwa wazi na mwingine umezibwa na kifundo, kwa ajili ya nyuki wadogo. Nyuki huyo mweusi ni mpole, na haumi asiposhikwa.

Tatu, sanduku la bundi. Fundi yeyote wa mbao aweza kulitengeneza kwa mabaki: upana sentimita 40, urefu 60, kimo 60. Tundu la mlango liwe la sentimita 15 kila upande, tena liwekwe juu, karibu na kifuniko, makinda wasije wakaanguka. Lifungwe juu ya mti au ukutani mwa ghala, mita 4 au zaidi kutoka chini. Nanyi mnaoweka sanduku, acheni sumu ya panya, maana panya aliyekula sumu humwua bundi amlaye.

Nne, pembe ya kimya. Mwishoni mwa bustani rundikeni mawe, matawi makavu na majani, mpaache hapo bila kupachoma wala kupafagia. Vyura, mijusi na kalunguyeye watakaa humo. Labda mtasema: Je, nyoka? Swali ni la haki. Uwanja wa mbele ufagieni kama mama zetu walivyotufundisha, na pembe hiyo iwe mbali na mlango, mbali na choo na njia ya watoto. Watoto wafundishwe wasitie mkono wasipoona. Kuwa mkarimu si kuwa mpumbavu.

Tano, meza ya maua na matunda. Mshubiri uliopandwa ukingoni humwita ndege chozi kwa maua yake mekundu, nao hauombi maji mengi. Mwenye nafasi apande mkuyu mbali na nyumba, ambao wajukuu wake watawaona ndege wakiula.

Najua wako watakaonung'unika wakisema, “Padre, sisi wenyewe hatujashiba, je, tuwalishe ndege?” Nawajibu kwa unyenyekevu, maana mimi nami nilidhani nalinda ghala ya maskini, kumbe nilikuwa nimemfukuza mlinzi wake. Ni kweli, wako ndege wanaokula mtama, nao mkulima hana budi kuwafukuza shambani. Lakini bustani ya nyumbani ni mahali padogo, na maji ya sinia moja hayamfilisi mtu. Yatupasa tupime kwa haki: tuhesabu kile wanachokula, tena tuhesabu kile wanachokilinda.

Na ninyi wazazi, kazi hizi zina faida nyingine ipitayo mboga na matunda. Mtoto anayebadilisha maji ya ndege kila baada ya siku mbili anajifunza kumhudumia asiyeweza kumlipa. Mtoto aliyevunja donge la bundi kwa mkono wake, akaona mafuvu ya panya, si rahisi kumdanganya juu ya uchawi. Atakapokuwa mtu mzima, na umati ukimnyoshea kidole kikongwe mwenye macho mekundu, huenda akawa yule mmoja atakayesimama na kusema hapana. Bwana wetu Yezu Kristu alisema kwamba hata shomoro mmoja haanguki bila Baba kujua. Alisema hivyo ili kutuondolea hofu, maana thamani yetu yapita ya shomoro wengi. Mwenye kusadiki hayo hana haja ya kuogopa sauti ya usiku.

Yule bibi mjane nilimfuata baadaye kwa mwanawe, nikamwomba msamaha. Alinisikiliza, akanipa maji ya kunywa, kisha akasema kwamba tangu utoto wake bundi walikuwa kwenye ghala ya baba yake, na mahindi yao hayakuharibika. Hakuna mtu aliyewahi kumwuliza. Hakurudi tena kijijini. Sanduku la bundi tulilitengeneza mwaka uliofuata, mimi na vijana wale wale wa manati, tukalitundika ghalani. Lilikaa tupu muda mrefu. Usiku mmoja wa kiangazi nilisikia ile sauti ya kukwaruza juu ya paa, nikatoka nje na taa, nikakuta vijana wawili wamekwisha kufika mbele yangu, wamesimama kimya wakitazama juu.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Tumwombe Mungu atujalie kuwafungulia mlango wadogo wake wote, wenye mabawa na wenye mikongojo, kabla hawajachoka kuja.