Tumbawe Moja, Viumbe Wangapi?

Pocillopora damicornis ni tumbawe gumu lenye vitawi vifupi vilivyosongamana kama koliflawa. Hupatikana katika Bahari ya Hindi na Pasifiki, pwani ya Afrika Mashariki ikiwemo, na Carl Linnaeus alilipa jina la kisayansi mwaka 1758. Wanaofuga viumbe wa baharini majumbani hulipenda kwa kuwa hukua haraka. Mfugaji hukata kitawi kwa koleo, akakibandika kwa gundi juu ya kijiwe, nacho hukua kikawa tumbawe kamili. Akitaka, humgawia jirani kingine. Je, majirani hao wana tumbawe moja au mawili?

Ugumu wa swali umo ndani ya tumbawe lenyewe, hata kabla halijaguswa na koleo. Tumbawe ni kundi la polipu, vinyama vidogo vyenye mdomo na minyiri. Kila polipu hujijengea kikombe chake cha chokaa, lakini nyama zao zimeungana, na chakula anachokipata mmoja huwafikia wenzake. Ndani ya nyama hiyo mna mwani usioonekana kwa macho, kiumbe wa ukoo mwingine kabisa, ambao hulilisha tumbawe kwa nguvu ya jua. Tena hali ya maji ikiharibika sana, polipu huweza kujibandua, wakaelea, na kuliacha gofu la chokaa nyuma yao.

Aristotle, katika kitabu chake kuhusu nafsi, aliona kwamba mimea na baadhi ya wadudu wakikatwa, vipande huendelea kuishi. Kwake yeye, nafsi ya viumbe hao ni moja kwa hali ilivyo, lakini ni nyingi kwa uwezekano. Maelezo hayo yanalifaa tumbawe hasa, ingawa hakulitaja.

Wapo watakaosema kuwa vipande vyote vina jeni zilezile, kwa hiyo ni kiumbe yuleyule, naye hafi maadamu kipande kimoja kingali hai. Hoja hii haisimami. Pacha wa kufanana nao wana jeni zilezile, lakini mama aliyemzika mmoja hawezi kuambiwa kwamba mwanawe hajafa. Kinacholifanya tumbawe kuwa moja ni nyama iliyoungana na riziki inayogawanwa. Koleo likipita, umoja huo umekatika, na kiumbe mmoja amekuwa wawili.

Mwaka 1998 Bahari ya Hindi ilipopata joto, matumbawe mengi ya Kenya na Tanzania yalipauka na kufa. Vipande vya spishi hizohizo vilivyokuwa salama katika matangi ya mbali havikupunguza hata kifo kimoja.